Neno "Adimu" Linaficha Nini? Uhakiki wa Kochi la Chandigarh

Katika makala haya ninahakiki kochi. Ninajua kwamba msomaji wa mkusanyo kama huu amezoea kukutana na uhakiki wa riwaya, tamthilia au ushairi. Hata hivyo, kochi nalo ni kazi ya sanaa. Lina fani, lina maudhui, lina mtunzi, na kama kazi nyingine yoyote lina watu wanaolisoma vibaya. Kwa sababu hiyo nitatumia vifaa vile vile tunavyopewa darasani, nione vitanifikisha wapi.

Kochi ninalolizungumzia lilitengenezwa katika mji wa Chandigarh, kaskazini mwa India, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni la watu wawili, la mbao, lisilo na nakshi. Lilitengenezwa ili likae katika ofisi ya serikali, mahali ambapo mgeni husubiri kuitwa. Leo kochi la aina hii likitokea katika katalogi ya mnada Paris, London au Chicago, neno linalotangulia mengine mara nyingi ni "adimu". Baada ya neno hilo hufuata jina la Pierre Jeanneret, kisha makadirio ya bei ambayo mtumishi aliyekuwa akilifuta vumbi asingeyaamini.

Hoja yangu ni kwamba uadimu huo haukuzaliwa pamoja na kochi. Ulitengenezwa baadaye, na watu wengine, mbali na karakana lilikotoka. Mhakiki anayelipokea neno "adimu" bila kuliuliza maswali anakuwa msaidizi wa dalali.

Usuli

Mwaka 1947 bara la India liligawanywa. Jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili, na mji wake mkuu, Lahore, ukaangukia upande wa Pakistan. Punjab ya India ikabaki bila makao makuu, huku wakimbizi wakimiminika. Serikali ya Jawaharlal Nehru ikaamua kujenga mji mpya kabisa. Waliopewa kazi ya kuupanga kwanza walikuwa Albert Mayer na Matthew Nowicki. Nowicki alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1950, na baadaye kazi ikakabidhiwa kwa msanifu majengo maarufu Le Corbusier, aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Ufaransa.

Le Corbusier hakuhamia Chandigarh. Alikuwa akija na kuondoka. Aliyekaa ni binamu yake, Pierre Jeanneret, ambaye aliishi na kufanya kazi huko hadi mwaka 1965. Pamoja nao walikuwapo Waingereza wawili, Maxwell Fry na mkewe Jane Drew, waliokuwa wamekwisha kujenga Afrika Magharibi, na kikundi cha wasanifu vijana wa Kihindi. Jeanneret aliupenda mji huo kiasi kwamba alipofariki mwaka 1967, majivu yake yalimwagwa katika ziwa la Sukhna lililo kando ya mji, kama alivyotaka.

Mji mpya hauhitaji kuta peke yake. Makarani wanahitaji mahali pa kukaa, mahakimu vilevile, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Panjab wanahitaji meza za kusomea. Kuagiza samani kutoka ng'ambo kungekuwa ghali kwa nchi changa. Kwa hiyo zilibuniwa hapo hapo, zikatengenezwa hapo hapo, kwa mbao zilizopatikana na kwa mafundi waliokuwapo. Zilitengenezwa kwa maelfu. Msomaji aishike namba hiyo: maelfu.

Fani

Ninalisoma kochi hili kwa picha, jambo ambalo wanunuzi wengi wa mnada nao hulifanya. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni miguu. Kila upande una mbao mbili nene zilizokutana juu na kuachana chini, kama bikari iliyofunguliwa au herufi V iliyopinduliwa. Juu yake kumelazwa ubao wa kuegemeza mkono. Kiti na mgongo vimelala nyuma kidogo. Katika vipande vingine sehemu ya kukalia ni henzirani iliyosukwa, katika vingine ni mto.

Mbao yenyewe ni msaji, mti ambao wengi wanaujua kwa jina la tiki. Msaji hustahimili unyevu na wadudu, na hiyo ni sababu tosha ya kuuchagua katika nchi yenye masika makali. Henzirani nayo hupitisha hewa mgongoni mwa mtu anayetoka jasho, na ikikatika haihitaji kiwanda. Inahitaji msukaji.

Miguu hiyo ya V haipo katika kochi tu. Imo katika kiti cha mtu mmoja na katika samani nyingine nyingi za mji huo. Katika ushairi tungeiita takriri. Takriri mbaya huchosha, lakini hii ina kazi. Kochi, kwa kweli, ni kiti kilichorefushwa: pande mbili za kiti zimesogezwa mbali, na katikati pakaongezwa mbao ndefu. Seremala aliyekwisha kujua kutengeneza kiti hakuhitaji kujifunza upya ili atengeneze kochi. Hapo ndipo ninapoiona akili ya mbunifu. Alifikiria kitu, akamfikiria pia mtu atakayekitengeneza.

Uhakiki hauwi sifa tupu. Kochi hili ni zito. Mbao zake ni nene kuliko mzigo unavyodai, na ukiliangalia kwa upande linaonekana kama daraja dogo. Si samani ya kumbembeleza mtu, na halikubuniwa kwa ajili ya usingizi wa mchana. Lakini uzito huo huo ndio uliolifanya livumilie miaka mingi ya kuburutwa, kukaliwa vibaya na kusahauliwa juani. Samani nyepesi isingefika mnadani.

Swali la mtunzi

Ni nani aliyelitunga kochi hili? Katalogi hujibu haraka: Pierre Jeanneret. Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi mno. Miongoni mwa wasanifu wa Kihindi waliofanya kazi naye alikuwapo Urmila Eulie Chowdhury, aliyezaliwa mwaka 1923, mmoja wa wanawake wa mwanzo wa India kuwa wasanifu majengo. Mchango wake katika ubunifu wa samani za Chandigarh unajulikana, lakini jina lake mara nyingi halimo katika mistari mikubwa ya katalogi.

Baada yake kuna mafundi. Samani hizi zilitengenezwa katika karakana mbalimbali, kila moja na mkono wake. Ndiyo maana viti viwili vya mchoro mmoja havilingani sawasawa. Ubao wa mkono wa hiki ni mpana zaidi, mguu wa kile umeinama zaidi. Wauzaji hukiita kipengele hiki haiba. Mimi ninakiona kuwa sahihi ya mtu ambaye hakupewa mahali pa kutia sahihi.

Sisi tunaosoma fasihi simulizi tuna istilahi inayofaa hapa. Ngano moja ina fanani wengi. Kisa ni kimoja, lakini kila fanani hukipa sauti yake, na hakuna anayethubutu kusema kwamba ngano ile ni mali ya mtu mmoja tu. Kochi la Chandigarh lina mchoro mmoja na mafanani kadhaa. Katalogi ya mnada hulisoma kana kwamba ni riwaya yenye jina moja kwenye jalada. Kosa hilo si la bahati mbaya, kwa kuwa jina moja huuzika kwa urahisi kuliko karakana kumi.

Maudhui: safari ya kochi

Kufikia miaka ya 1980 na 1990, samani nyingi za Chandigarh zilikuwa zimechakaa. Ofisi zilitaka vitu vipya, vya chuma na plastiki. Vile vya zamani vilirundikwa juu ya mapaa na nyuma ya majengo, vikaliwa na mvua. Kisha serikali ikaviuza kwa mnada wa kawaida wa vitu chakavu, kwa bei ya kuni au inayokaribia hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa samani kutoka Paris walifika. Walijua jina la Jeanneret, na walijua soko. Walinunua kwa mafungu, wakapakia katika makontena, wakasafirisha. Ulaya, mbao zilipigwa msasa na kupakwa mafuta, henzirani ikasukwa upya, mito ikabadilishwa. Muda si mrefu seti za viti vilivyouzwa kama takataka zikawa zinanunuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Je, huo ulikuwa wizi? Hapana, na mhakiki hana ruhusa ya kulitumia neno hilo kwa sababu tu limempendeza. Sheria ya India ya mwaka 1972 kuhusu vitu vya kale hulinda, kwa jumla, vitu vyenye umri usiopungua miaka 100. Kochi la mwaka 1957 halikuwa limefikia hata nusu ya umri huo. Lilinunuliwa kwa risiti. Ni mwaka 2011 ndipo serikali ya India ilipotoa agizo la kuzuia uuzaji wa urithi huo wa Chandigarh, lakini agizo halivuti nyuma kontena lililokwisha kuvuka bahari. Mwaka 2016 majengo makuu ya mji huo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Basi kuta zililindwa, wakati sehemu kubwa ya vitu vilivyotengenezwa kukaa ndani ya kuta hizo vilikuwa vimekwenda.

Hapa ndipo neno "adimu" linapoanza kutoa siri. Kitu kilichotengenezwa kwa maelfu hakizaliwi adimu. Ni kweli kwamba makochi yalikuwa machache kuliko viti, kwa sababu ofisi yenye makarani ishirini huhitaji viti ishirini na huenda kochi moja. Lakini uchache wa leo umetokana na mambo matatu: mvua iliyovioza baadhi, kuni zilizovila vingine, na makontena yaliyovitoa vilivyobaki mahali vilipokuwa vya kawaida. Ukikihamisha kitu cha kawaida kutoka mahali ambapo kila mtu anacho hadi mahali ambapo hakuna aliye nacho, kinakuwa adimu bila kubadilika hata ukucha. Sikio la Mswahili linasikia jinsi samani na thamani zinavyokaribiana. Baina ya maneno hayo mawili kuna meli.

Alama ya rangi

Kuna kipengele kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha maudhui. Nyuma au ubavuni mwa samani nyingi za Chandigarh kuna herufi na namba zilizopakwa kwa rangi, bila ustadi, kwa kutumia kibao kilichotobolewa. Alama hizo zilikuwa za mtunza stoo. Zilieleza kifaa ni cha idara gani na ni cha ngapi katika daftari. Ziliwekwa ili kisiibwe, ili anayekibeba aulizwe anakipeleka wapi.

Wakarabati wa Ulaya hupiga msasa karibu kila mahali, lakini alama hiyo huiacha. Katalogi huipiga picha ya karibu na kuitaja katika maelezo, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba kifaa ni halisi. Alama iliyosema "hiki ni mali ya umma, kisiondoke" sasa inasema "hiki kimeondoka kweli, kinunueni". Sijui kinaya kilichokolea kuliko hicho katika tamthilia yoyote niliyosoma darasani, na hiki hakikutungwa na mtu.

Mimi ninasoma shahada ya kwanza Uganda, katika chuo ambacho kila kiti kina namba iliyopakwa rangi mgongoni. Wanafunzi hawaitazami. Baada ya kusoma kuhusu Chandigarh nimeanza kuisoma kama maandishi: ni ahadi kwamba kuna daftari mahali fulani, na kwamba kuna mtu anayejali kiti kiko wapi. Nyuma ya ukumbi wetu kuna rundo la viti vya mbao vilivyovunjika mguu mmoja mmoja, namba zikiwa bado zinasomeka. Sidai kwamba ni kazi za sanaa zinazosubiri Paris. Ninachodai ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa chini kuamua kama ni kazi ya sanaa au kuni, na uamuzi usiofanywa na mwenye mali hufanywa na mwenye kontena.

Hoja ya upande wa pili

Wafanyabiashara wana utetezi, na ni utetezi wenye nguvu. Husema: tuliviokoa. Tusingekuja, vingeoza au vingechomwa. Bei tuliyovipa ndiyo iliyowafanya hata wenyewe wavione. Katika hilo wana haki kwa sehemu. Ni baada ya minada ya Ulaya na Marekani ndipo serikali ilipotoa agizo la 2011. Mtu aliyekiuza kitu kwa bei ya kuni hana nguvu ya kumlaumu aliyekinunua.

Lakini kuokoa na kuuza ni vitendo viwili. Daktari aliyemwokoa mgonjwa hamchukui mgonjwa akawa wake. Zaidi ya hayo, utetezi huo hauelezi kwa nini jina la Chowdhury na kazi ya mafundi vilibaki nje ya kontena. Kubeba mbao na kuyaacha majina ni uokoaji wa nusu.

Msanii wa Marekani Amie Siegel alilifanyia jambo hili filamu mwaka 2013, inayoitwa Provenance. Filamu hiyo haina msimulizi. Inaanza na samani hizi zikiwa katika nyumba za matajiri, kisha inarudi nyuma: mnadani, kwa wakarabati, melini, hadi inapofika Chandigarh, ambako baadhi bado hukaliwa na watu walio kazini. Ubora wake uko katika mpangilio huo wa kinyume. Kama ingeanza India, tungeona hadithi ya kitu kinachopanda cheo. Kwa kuwa inaishia India, tunaona kitu kikirudishiwa kazi yake. Kisha Siegel akaipeleka filamu yenyewe mnadani London mwaka huo huo, ikauzwa. Wapo watakaosema alijiunga na mchezo aliokuwa akiukosoa. Mimi naona alionyesha kwamba soko linaweza kumeza hata ukosoaji wake, na alifanya hivyo hadharani, bila kujifanya msafi.

Fundi na sisi

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia ya fundi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na wafanyakazi walioletwa kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab. Miongoni mwao walikuwamo maseremala na wahunzi wa Kisingasinga, na Kiswahili kikawapa jina, Kalasinga, linalotumika hadi leo. Jimbo lililotoa maseremala wa reli yetu ndilo lililokuja kutoa, miaka hamsini baadaye, maseremala wa Chandigarh. Huko na huku, watu hao walijulikana kwa kazi yao, wala si kwa majina yao.

Hali hiyo haijaondoka. Hapa Kampala, ukipita Nsambya utaona makochi yamepangwa kando ya barabara, mbao zikinukia, mafundi wakiyapiga msasa kwenye vumbi. Mnunuzi huuliza bei, huuliza mbao ni mvule au si mvule. Jina la fundi haulizi. Kochi likifika sebuleni linakuwa "kochi letu", na aliyelitengeneza hubaki namba ya simu ambayo siku moja itafutwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kochi la Chandigarh ni kazi nzuri, na kwamba uzuri wake haufanani na ule unaouzwa. Linauzwa kama kitu cha pekee cha mtu mmoja. Uzuri wake ni kwamba lilikuwa la kawaida, likatengenezwa na wengi, likakaliwa na yeyote aliyeingia ofisini akisubiri kuitwa. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Cassina ya Italia imekuwa ikitengeneza upya samani kwa kumuenzi Jeanneret, na huko Bengaluru karakana ya Phantom Hands hufanya hivyo kwa mafundi wa India. Kwa hiyo anayeutaka umbo tu anaweza kuupata. Anayelipia cha zamani analipia jambo jingine, yaani safari.

Basi safari hiyo iandikwe. Ningependa katalogi inayosema "adimu" iseme pia mambo matatu: kochi lilikuwa katika ofisi gani, liliuzwa na nani na kwa kiasi gani siku lilipoitwa chakavu, na mengine mangapi ya aina yake yaliondoka nalo. Daftari za mtunza stoo zilikuwapo, na alama ya rangi inathibitisha hivyo. Na upande wetu, kabla ya kulaumu minada ya mbali, ipo kazi isiyohitaji fedha nyingi. Chuo, mahakama au wizara inayotaka kuuza viti vyake vya zamani kwa jumla inaweza kwanza kumwita fundi mmoja na mwanafunzi mmoja, wavipindue, wasome kilichoandikwa chini yake, wakiandike.